Shikamoo Niliyomnyima Karani

Simu ilikuwa moja tu katika upande wetu wote wa mlima. Ilikaa kwenye ofisi ya ushirika wa mboga, juu ya meza ya karani, imefunikwa kitambaa cheupe cha maua alichokifuma mkewe. Mpaka leo nikiona kitambaa cha kufuma juu ya redio ya mtu, nakaa nikikipa mgongo.

Ilikuwa simu ya kuzungusha. Unashika mkono wake, unazungusha, opereta wa posta anaitika kule mjini, unamwambia unamtaka nani. Mimi nilikuwa sijawahi kuishika. Nilisoma hadi darasa la pili, baba akafa, nikaingia shimoni. Shimo ninalosema ni la kupasulia mbao. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anasimama ndani, na msumeno unapanda na kushuka kati yao kutwa nzima. Wa chini anakula vumbi. Mimi nilikuwa wa chini na mdogo wangu alikuwa wa juu, kwa sababu alikuwa mwepesi na jicho lake lilifuata mstari bila kuyumba. Nyumba nyingi za Malindi, hii ya huku kwetu milimani, zimesimama kwa mbao zetu. Asiyeamini apande darini kwake atazame.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Jumapili. Wenzetu walikuwa kanisani, sisi tulikuwa msituni, na watu wasituseme kwa hilo. Miaka ile ya Ujamaa siku za kazi zilikwenda kwenye shamba la kijiji, na usipoonekana huko mwenyekiti anakuja kukuuliza mlangoni. Jumapili ndiyo iliyobaki kuwa yetu.

Tulikuwa na gogo la mkulo, nene, bado bichi. Kabari ikachomoka. Mimi nilisikia gogo linaguna juu ya kichwa changu, nikajibanza kwenye ukuta wa shimo. Mdogo wangu hakuwa na ukuta. Gogo lilibingirika naye, likamlalia mguu wa kulia chini ya goti. Nilipotoka shimoni nilimkuta amekaa kitako, ameshika paja kwa mikono miwili, anautazama mfupa wake uliotokeza nje kama mtu anayetazama kitu cha mwingine.

"Kaka," akaniambia, "msumeno haukuvunjika?"

Huyo ndiye mdogo wangu.

Nilipiga ukelele, wakaja watu waliokuwa wakikata kuni. Tukalinyanyua gogo kwa miti, tukamfunga mguu kwa shati langu, tukatengeneza machela kwa mapau mawili na blanketi. Zahanati ilikuwa imefungwa, mganga wake ameteremka Mazinde kwenye msiba. Lakini kila mtu alijua kwamba hospitali ya mjini haifungwi kabisa. Saa za kazi zikiisha, Jumapili na sikukuu, yuko daktari wa zamu, na liko gari la wagonjwa. Unapiga simu, unaeleza, gari linakuja. Ndiyo maana tulimpeleka ofisi ya ushirika. Tulimlaza barazani, mimi nikakimbia kwa karani.

Nilimkuta ametoka ibadani, anakula. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka mingi, kwa hiyo nikamwamkia kama inavyopasa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza. Akanawa mikono, akaipangusa kidole kwa kidole, akaingia ndani akatoka na koti na tai.

"Twende basi, mzee, mtu anamwaga damu!"

"Ofisi ya umma haifunguliwi na mtu mwenye shati tupu, mgoshi," akanijibu. Mgoshi ndivyo wanaume wa kwetu tunavyoitana. Siku ile aliitamka kama anayenitupia mfupa.

Alifungua ofisi, akaingia peke yake, mimi akaniacha dirishani. Akakikunja kile kitambaa mara nne, akazungusha mkono wa simu, akamwomba opereta amuunganishe na daktari wa zamu. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Kilichofuata nilikisikia kwa masikio yangu, na nitakisema kama kilivyosemwa.

"Shikamoo mheshimiwa!" Alisimama wima, kana kwamba daktari anamwona. "Njema, mheshimiwa. Njema sana. Mvua zipo, tunashukuru. Kabichi zimekubali. Mama hajambo? Na watoto? Salama kabisa huku kwetu, salama. Samahani sana kukusumbua siku ya mapumziko. Hapana, hapana, si jambo kubwa. Kuna kijana hapa ameumia mguu kidogo. Eeh, kidogo tu. Anaongea, ndiyo. Kwa nafasi yako, mheshimiwa. Hata kesho, ukipata nafasi."

Niliingiza mkono dirishani. "Nipe niseme mimi!"

Akaifunika simu kwa kiganja. "Simu si msumeno, ya kuvutwa na watu wawili."

Akaaga, akasalimia tena familia nzima ya daktari, akaiweka simu mahali pake na kitambaa juu yake.

"Umesema kidogo," nikamwambia.

"Wakubwa huongeleshwa hivyo. Ukiwapigia kelele wanakata. Gari limeshatoka."

"Limeshatoka?"

"Limeshatoka mjini. Kaeni hapo barazani."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipokaa miaka yote. Walikuwapo vijana wa kutosha waliotoka kanisani, wenye mabega, na walikuwa tayari kumbeba mdogo wangu kwa kupokezana mpaka hospitali. Kwetu mgonjwa hubebwa. Asiyeweza kubeba hutangulia kukata matawi ya njiani. Walikuwa wameshainua machela. Karani ndiye aliyewazuia. Akasema tutapishana na gari, na tena tukimtikisa tutamwua njiani. Wakamweka chini, kwa sababu aliyesema alikuwa mtu wa ofisi na alikuwa amevaa tai.

Tukangoja. Ukungu ukapanda kutoka bondeni ukaifunika barabara. Kila gari lililonguruma mbali tulisimama, na kila mara lilikuwa la mtu mwingine.

"Kaka, gari lenyewe linaundwa kwanza?" mdogo wangu akaniuliza, meno yanagongana.

Karani alifunga ofisi, akapita kando ya machela, akasema, "Vumilieni, liko njiani," akaenda kwake.

Gari lilikuja Jumatatu, jua limeshatoka. Mguu ulikuwa umebadilika rangi na umeanza kunuka. Daktari wa zamu alipoufungua alinigeukia kwa hasira.

"Mtu wa namna hii mnamweka mpaka leo? Mimi jana nimeambiwa ameumia kidogo, anaongea, anaweza kungoja."

"Na gari ulilituma jana?"

"Nilitume kwa mtu aliyeumia kidogo?"

Wakaukata juu ya goti. Mimi nilikaa nje ya chumba nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa mikono ya mtu wa chini ambaye hana tena mtu wa juu.

Nilirudi kijijini nikiwa na panga kichwani, sifichi. Nililinoa kwa mawazo njia nzima. Lakini nikajiuliza, nikimkata huyu, mimi nafungwa, mama anabaki na mtoto wa mguu mmoja na mwingine wa jela. Kuchoma ofisi nako ni kuchoma mali ya umma, na kabichi zilizomo ni za jirani zangu. Nilikosa la kumfanya, mpaka nilipokutana naye njia ya kisimani, wanawake wamejaa na ndoo zao. Akapunguza mwendo, akainua kidevu, anangoja aamkiwe.

"Habari yako," nikamwambia.

Ndoo moja ilianguka. Mgeni hataelewa. Huku milimani mtu mzima humwambii habari yako, hata kama amekuibia ng'ombe. Unampa shikamoo yake kwanza, ndipo unamdai ng'ombe. Kumnyima mtu mzima shikamoo mbele ya watu ni kumvua nguo.

"Unasemaje?"

"Nasema habari yako, karani. Njema? Mvua zipo? Kabichi zimekubali?"

Nikaona uso wake unabadilika, maana aliyajua maneno yake. Hapo nikajua silaha nimeipata, na haina jela.

Kuanzia siku hiyo sikumwamkia. Sokoni, njiani, kwenye msiba, ofisini nilipopeleka karoti zangu. Habari yako, karani, kwa sauti ya kusikika. Watoto hawachelewi kujifunza. Wakaanza kumvizia nyuma ya migomba, "Habari yako, karaniii!" kisha mbio. Watu wanasema ni mimi niliyewatuma. Sikuwatuma. Niliyekutana naye baadaye nilimpa kipande cha muwa, basi.

Aliponishtaki, baraza la kijiji lilikaa. Mwenyekiti akaniuliza kama ni kweli namvunjia heshima mtu mzima.

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Aseme hapa alichosema kwenye simu. Aseme na kwamba gari alituambia limetoka wakati halikutoka. Siku atakayosema mbele ya watu, nitampa shikamoo yake."

Karani akasimama, ameshika kola za koti. "Mimi nilieleza kwa usahihi. Hospitali ndiyo iliyochelewa. Huyu bwana hajui mambo ya simu, hajapata hata kuishika."

Wakaniamuru nitoe mbuzi. Nikatoa, wakamla, kesho yake nikamwambia habari yako. Aliponishtaki tena, nilikwenda barazani na mbuzi mkononi kabisa, nikamfunga kwenye nguzo kabla hawajafungua kikao.

"Huyu ni wa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Wa hukumu. Nimekuja naye ili tusipoteze muda."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa akapigwa mgongoni. Karani hakunishtaki tena. Aliona kila akinishtaki watu wanakula nyama na mimi ndiye ninayesifiwa.

Mama alinisihi. "Mwanangu, mtu mzima anaamkiwa. Utatuletea laana." Nikamwambia laana imeshakuja, ikachukua mguu, ikaondoka.

Aliyenishinda ni mdogo wangu. Alijifunza kushona viatu na kukata makatambuga ya tairi, akajenga kibanda karibu na njia panda. Wateja hawakumkosa, kwa ufundi na kwa mdomo. "Nashona viwili, navaa kimoja," aliwaambia, "faida yangu iko hapo." Siku moja nilifika nikamkuta karani amekaa kwenye kigoda chake, mguu mtupu, anangoja kiatu. Nikasikia kwa masikio yangu mdogo wangu anasema, "Haya mzee, kiatu hiki hapa. Shikamoo, nenda salama."

Nilingoja mzee huyo apotelee kwenye kona.

"Unampa shikamoo?"

"Mtu mzima yule."

"Amekukata mguu!"

"Alikata daktari."

"Usinifanyie mzaha. Alisema kidogo. Nilimsikia."

"Kaka, hata mimi nilisikia, nilikuwa barazani, si kaburini. Lakini nikimnyima shikamoo, mguu unaota?"

"Kwa nini hukusema mbele ya baraza la kijiji?"

Akachoma sindano kwenye soli, akavuta uzi. "Nilichoka kuwa habari. Kila nikipita, 'yule wa simu.' Wewe una kesi yako, mimi nina viatu vyangu."

Tuligombana tukakaa msimu mzima wa mvua bila kusemeshana. Lakini hakunibadili. Mguu ulikuwa wake na deni akalifuta. Mimi nilikuwa na langu. Ni mimi niliyesimama dirishani nikaona mdomo ukisema kidogo huku damu ya mwana wa mama yetu inadondoka kwenye saruji.

Miaka ikaenda. Shimo niliacha, huwezi kupasua peke yako. Nikaanza kununua kabichi na plamu, nikazishusha Mombo kwa magari ya watu, kisha kwa lori langu mwenyewe, bovu lakini langu. Ushirika ulipovunjwa, ofisi ikafungwa, nyaya za simu zikakatwa na watu wakafungia nazo mabanda ya kuku. Karani akabaki na koti. Nilipita mbele ya nyumba yake na lori, nikapunguza mwendo makusudi, nikatoa kichwa. "Habari yako!"

Hakuwa na ofisi tena, akataka uzee wa kanisa. Wakati huo vita vya Uganda vimeshakwisha, sukari na sabuni ni za kupanga foleni, tumepata mchungaji mpya, kijana. Desturi ya kanisa letu ni kwamba majina ya wanaotaka kuwa wazee husomwa ibadani, na mchungaji huuliza kama kuna mwenye neno. Mimi kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi na Pasaka. Nilipopata habari kwamba jina lake litasomwa, nilivaa koti nikakaa benchi la nyuma.

"Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," nikasema. Kanisa zima likageuka. "Huyu hajasema ukweli kuhusu simu."

Mchungaji akaahirisha. Wiki hiyo alikuja nyumbani, akanywa chai, akanisomea mistari ya kusamehe. Nikamwambia uko na mwingine wa jicho kwa jicho, asome na huo. Akafunga kitabu akaomba chai nyingine. Jina liliposomwa tena, nikasimama tena.

Na si hivyo tu. Baada ya ibada huwa tunafanya mnada nje. Sadaka za shambani, kuku, mayai, mikungu ya ndizi, zinanadiwa pale uwanjani. Karani alipenda mnada. Basi akitaka kuku, mimi namtaka kuku huyohuyo. Akigusa yai, nami nagusa yai. Nilirudi nyumbani na vitu nisivyovihitaji, mke wangu akaniuliza kama nimefungua duka.

Mara ya tatu jina lake halikusomwa. Nilidhani amekata tamaa. Tukatoka nje, mnadi akainua mkungu wa ndizi, karani akataja bei, mimi nikafungua mdomo kumpandia.

"Ngoja," karani akasema.

Mnadi akadhani ni bei. "Ngoja siyo bei, mzee. Ongeza!"

"Nina neno la kusema."

Akavua kofia. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokuwa nimeona, kwa sababu miaka yote nilimwona shingo tu, ile inayoinua kidevu. Akasema, na sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia kwenye simu, imesimama wima, "Jumapili ile nilimwambia daktari kijana ameumia kidogo. Nilisema hata kesho. Gari halikutoka. Mimi ndiye niliyesema limetoka, na mimi ndiye niliyewazuia watu wasimbebe."

Kuku mmoja alipiga kelele, akanyamazishwa.

"Kwa nini, mzee?" mama mmoja akauliza.

"Niliona haya." Akaizungusha kofia vidoleni. "Mtu mkubwa yule, siku ya mapumziko, pengine ana wageni mezani. Niliona haya kumwinua kwa ajili ya mpasua mbao. Na nilipokwisha kusema kidogo, nikaona haya kurudi kusema ameumia sana."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake. Kwa uongo nilikuwa na majibu ya miaka. Haya! Mguu wa mdogo wangu ulikwenda kwa sababu mtu aliona haya kumkatizia mwingine chakula.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea gongo lake karibu na ndizi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona kila mtu anamngoja yeye.

"Haya, tumesikia," akasema. "Mnadi, ndizi zitaiva hapo hapo mikononi mwako. Endelea."

Watu wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyeendelea. Waligeuka kunitazama mimi. Wote walijua nilichoahidi barazani, hata wale waliozaliwa baadaye walikuwa wamesimuliwa pamoja na habari ya mbuzi. Neno langu ni neno langu. Sikujengwa na shule wala na ofisi. Mtu wa kabichi akisema atalipa Alhamisi, analipa Alhamisi, la sivyo Ijumaa hana kabichi.

Nikatembea hadi mbele yake. Hatua zile zilikuwa nzito kuliko gogo lolote la mkulo.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu, na machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono. Sikuushika. Mkono haukuwamo katika ahadi.

Waliimba, akina mama walipiga vigelegele, mchungaji alitabasamu kama kazi ni yake. Karani akasimikwa uzee wa kanisa, safari hii nikikaa kimya. Watu walikuja nyumbani kunipongeza kwamba nimeshusha mzigo. Sikushusha kitu. Nilinyang'anywa. Ile "habari yako" ndiyo iliyokuwa yangu miaka yote, niliamka nayo asubuhi kama wengine wanavyoamka na sala, na mtu yule aliichukua kwa maneno ya dakika moja mbele ya ndizi.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Nikikutana naye kesho, sina tena sababu ya kumnyima. Nitampa nyingine, na kesho kutwa nyingine, mpaka mmoja wetu afe. Niliahidi shikamoo, nikaitoa, na moja ilinitosha.

Kwa hiyo nilihama njia. Iko njia ya juu, inayozunguka kupitia msituni, ina utelezi na siafu, lakini haipiti kwake wala haipiti kanisani. Nilipita huko kwenda sokoni, nilipita huko kwenda kwenye lori, nilipita huko na mvua. Kwenye misiba nilifika akiwa ameondoka, au niliondoka akiwa hajafika. Hata alipozikwa yeye, jeneza lilipitishwa njia ya chini na mimi nilikuwa njia ya juu.

Mdogo wangu alinicheka mpaka mwisho. Siku moja, karani akiwa bado hai, aliniona nashuka kutoka msituni nimejaa matope mpaka magotini, akaacha kushona.

"Unazunguka mlima mzima kumkwepa mzee mmoja? Wewe mwenye miguu miwili?"

Nikamwambia anipanguse viatu, asinifundishe kutembea.